Kapu la sadaka, mfadhili na mwanasiasa: Nani anailipia amani ya mipakani?

Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka waliuonja uchungu wa vita kwa namna ya kawaida kabisa. Uwanja wa ndege ulifungwa. Benki nazo zikafunga milango. Mwenye fedha zake benki alilazimika kuvuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta namna ya kuzitoa. Aliyekuwa amekopesha mzigo wa unga au vitenge kwa mteja wa Goma akabaki anapiga simu isiyopokelewa.

Wiki mbili baadaye, tarehe 12 Februari, ugeni wa aina nyingine uliingia mjini humo. Walikuwa viongozi wa Baraza la Maaskofu Katoliki la Kongo (CENCO) na wa Kanisa la Kristo Kongo (ECC), umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Walikaa na Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa kisiasa ambao M23 ni sehemu yake, kisha wakaenda Kigali kuonana na Rais Paul Kagame. Wakati huo serikali ya Kinshasa ilikuwa bado inakataa kuzungumza na M23 ana kwa ana. Baadhi ya wanasiasa wa upande wa serikali waliwashutumu viongozi hao kwa kuwapa waasi heshima wasiyostahili. Wao waliendelea na ziara zao, wakiwa na andiko lao mkononi: mkataba wa kijamii wa amani na kuishi pamoja vizuri nchini Kongo na katika eneo la Maziwa Makuu.

Mengi yameandikwa kuhusu walichosema. Safu hii inauliza swali ambalo mfanyabiashara huuliza kwanza kwa kila jambo: gharama yake ni nani anayebeba? Watu hawa husafiri, hulala, hula, hupiga simu. Chini yao kuna mapadri, wachungaji, makatekista na akina mama wa jumuiya wanaofanya kazi hiyo hiyo vijijini, bila kamera. Kazi hiyo inalipiwa na nani, na anayelipa ananunua nini?

Swali hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na Julai mosi mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kazi rasmi. Sehemu ya fedha zilizokuwa zikiendesha semina za upatanisho, kamati za amani na redio za jamii katika ukanda huu zilipitia mlango huo. Mlango umefungwa, vita havijaisha. Kama makanisa yataendelea kupatanisha watu, ni lazima tujue mfuko upi utabaki na kitu ndani.

Mifuko minne, masharti manne

Ukifuatilia fedha za upatanisho wa makanisa katika Afrika Mashariki na Kati, utakuta zinatoka kwenye mifuko minne. Watu huichanganya, na kuichanganya huko ndiko kunakoleta maneno mengi.

Mfuko wa kwanza ni wa waumini wenyewe. Hapa kuna sadaka ya Jumapili, zaka, mavuno na bahasha za michango maalumu. Lakini sehemu kubwa ya mfuko huu haipiti kwenye kapu. Ni debe la mahindi linalopelekwa kwa waliokimbia makwao, godoro linalotandikwa kwenye ukumbi wa parokia, boda boda ya muumini inayompeleka mchungaji kijiji cha pili bila nauli, siku nzima ya mama aliyefunga genge lake ili akae kwenye kikao cha kusuluhisha koo mbili.

Kwa Wakatoliki wa ukanda huu, mfuko huo una mpangilio wake. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja unaojumuisha Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine jirani, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Ni familia chache za jirani zinazokutana nyumbani kwa zamu, zinasali, zinachangia mgonjwa na mfiwa, na mara nyingi ndizo za kwanza kusikia kwamba vijana wa mtaa fulani wananoa mapanga. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki huandaa Kampeni ya Kwaresima kila mwaka: mada za kila wiki hujadiliwa kwenye jumuiya hizo, na ardhi, rushwa, uchaguzi na ukabila si mada ngeni humo. Wafungaji huombwa wageuze walichojinyima kuwa mchango.

Mfuko wa pili ni wa waumini wa mbali. Misereor, shirika la Wakatoliki wa Ujerumani lililoanzishwa mwaka 1958, hukusanya mchango makanisani Jumapili ya tano ya Kwaresima. Waprotestanti wa nchi hiyo walianzisha Brot für die Welt mwaka uliofuata. Wamennonaiti wa Marekani na Kanada hufanya minada ambako akina mama huuza mablanketi waliyoyashona kwa vipande vya vitambaa, na mapato huenda kwa shirika lao la misaada, MCC, ambalo limefanya kazi ya amani Afrika kwa miongo mingi. Tunapenda kuyaita yote hayo "wafadhili", neno lenye picha ya ofisi yenye kiyoyozi. Lakini mwanzo wa fedha hizo ni bibi aliyetia noti kwenye kapu, kama hapa.

Mfuko wa tatu ni wa serikali za kigeni zinazopitisha fedha kwenye mashirika ya kanisa. Hapa jina ni la kanisa, fedha ni za walipa kodi, na masharti ni ya wizara ya nchi fulani. Catholic Relief Services ya Marekani, kwa mfano, ilikuwa ikitegemea USAID kwa takriban nusu ya bajeti yake. Serikali ilipofunga bomba, shirika lenye jina la Kanisa liliumia sawa na mashirika yasiyo ya dini.

Mfuko wa nne tunaufahamu bila kuelekezwa. Ni wa mwanasiasa anayefika ibadani na msafara, anakaa kiti cha mbele, anapewa kipaza sauti, na anaacha bahasha nene.

Kila mfuko una masharti yake. Wa kwanza ni mdogo na hutoka polepole, lakini mwenyewe yupo na haondoki. Wa pili ni mkubwa kidogo na una subira, ingawa waumini wa Ulaya wanazidi kupungua. Wa tatu ni mkubwa sana, una fomu nyingi, na hukatika siku uchaguzi wa nchi nyingine unapoleta rais mwingine. Wa nne haudai fomu. Unadai ukimya.

Usiku wanne barabarani Gulu

Tuangalie namna mifuko hii ilivyofanya kazi mahali ambapo wengi wa wasomaji wetu wanapita na mizigo kila wiki. Leo lori likitoka Kampala kwenda Juba linapita Gulu, linafika Elegu, linavuka Nimule. Miaka 20 na ushee iliyopita safari hiyo ilikuwa kamari ya maisha. Waasi wa LRA chini ya Joseph Kony waliteka watoto na kuvizia magari, na vita ilipofikia kilele karibu watu milioni 1.8 wa kaskazini mwa Uganda walikuwa wameyahama makazi yao, wengi wakisongamana kambini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa Kikatoliki, Kianglikana na Kiislamu wa Acholi waliunda umoja uliojulikana kwa kifupi kama ARLPI. Hawakuanza na mradi wala gari. Walianza na walichokuwa nacho: makanisa na misikiti, na watu wa kujitolea waliojua nani ametekwa, nani amerudi na nani anatafutwa. Baadhi ya mapadri walikwenda porini kukutana na makamanda wa waasi, wakijua kwamba jeshi lingeweza kuwashuku kuwa washirika wa adui na waasi wangeweza kuwashuku kuwa wapelelezi. Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Anglikana alikuwa amempoteza mke wake kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Alibaki miongoni mwa watetezi wakubwa wa msamaha.

Msukumo wao ulichangia kupatikana kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, iliyomruhusu mpiganaji aweke silaha chini na kurudi nyumbani bila kushtakiwa. Maelfu kwa maelfu waliitumia.

Juni 2003, watoto wa vijiji vya jirani walikuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini Gulu ili wasitekwe usiku. Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walichukua magunia na mablanketi wakaenda kulala nao nje kwa usiku wanne. Piga hesabu ya gharama ya tukio hilo. Haifiki bei ya chumba kimoja cha hoteli ambako mikutano ya amani hufanyika. Lakini picha ya askofu aliyelala chini na watoto ilifika miji mikuu ya dunia, na baada yake ilikuwa vigumu zaidi kwa yeyote kusema kwamba hajui yanayoendelea Acholi.

Fedha za nje zilikuja, na zilihitajika. Mashirika ya makanisa ya ng'ambo yalisaidia kulipia usafiri, ofisi na mikutano. Mwaka 2004 ARLPI ilipewa Tuzo ya Amani ya Niwano ya Japani, inayoambatana na yeni milioni 20. Angalia mpangilio, maana ndiyo hoja yangu: kwanza walikuja watu wa kujitolea wanaobebwa na waumini wao, kisha wakapata imani ya pande mbili, kisha fedha ikafuata. Mazungumzo ya Juba yalipoanza mwaka 2006 na mapigano kusimama Agosti mwaka huo, ardhi ilikuwa imelimwa na watu ambao hawakuwa na mkataba wa ajira. Kony hakutia saini mwaka 2008, lakini kaskazini mwa Uganda kulitulia, watu wakarudi makwao, na barabara ya Nimule ikawa moja ya njia kuu za bidhaa za ukanda huu. Kila anayeuza vitunguu, sementi au bia Juba anakula matunda ya usiku ule wanne, awe anajua au hajui.

Fahali mweupe wa Wunlit

Upande wa pili wa mpaka huo kuna mfano mwingine, na wenyewe una funzo la tahadhari. Baada ya jeshi la ukombozi la Sudan Kusini, SPLA, kugawanyika mwaka 1991, Wadinka na Wanuer wa ukingo wa magharibi wa Nile waliuana, wakaibiana ng'ombe na kutekana wanawake na watoto kwa miaka mingi. Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliamua kuanza na machifu badala ya majenerali. Juni 1998 machifu wa pande zote mbili walikutanishwa Lokichoggio, upande wa Kenya. Mapema mwaka 1999 wakatembeleana: chifu wa Kinuer akaenda kulala kwa Wadinka, na wa Kidinka kwa Wanuer. Kisha kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Machi 8, mkutano mkubwa ukafanyika Wunlit, Bahr el Ghazal. Fahali mweupe alichinjwa kuwa kiapo, na watu zaidi ya 300 walitia saini au alama zao.

Mfanyabiashara angesoma makubaliano yale kwa furaha. Pamoja na kurudisha waliotekwa na kufungua malisho na maji, yalithibitisha uhuru wa kutembea na kuhimiza biashara kati ya jamii hizo mbili.

Nani alilipa? Ndege za kubeba machifu katika nchi isiyo na barabara zililipiwa na wafadhili wa nje. Hakuna kijiji ambacho kingeweza gharama hiyo, na tusijidanganye kwamba kapu la sadaka linaweza kila kitu. Lakini wenyeji walijenga kijiji kizima cha mkutano, nyumba takriban 150 za miti na nyasi, mahali palipokuwa na njaa na vita. Mtu aliyemjengea adui yake nyumba ya kulala ameshatoa mchango ambao hakuna mfadhili angeweza kuutoa kwa niaba yake.

Amani ya Wunlit ilipunguza mapigano ya jamii hizo mbili kwa miaka kadhaa. Haikuweza kuwazuia wakubwa wa Juba kugombana, na vita ya Desemba 2013 ilirudisha uadui ule ule kwa ukali mkubwa. Funzo lake, kwa maoni yangu, lina pande mbili. Amani iliyojengwa na mikono ya watu hudumu mahali walipo watu hao. Lakini ikikosa wa kuilisha mwaka hadi mwaka, kwa vikao vidogo, ziara na fidia za ng'ombe wachache kabla hawajawa wengi, huzeeka kama zile nyumba za nyasi. Mfadhili hupenda kulipia mkutano, kwa sababu mkutano una picha na tarehe. Matunzo ya baada ya mkutano hayana picha, na ndiyo yanayohitaji mfuko wa karibu.

Kanisa linapokuwa upande mmoja

Hapa msomaji ana haki ya kunikatiza. Atasema: makanisa yapi hayo unayoyasifia? Mwaka 1994 nchini Rwanda watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na baadhi ya mapadri na watawa walihusika. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Kenya nako kuna somo. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, reli ilingolewa Kibera, malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo yakakwama, na bei ya mafuta Kampala na Kigali ikapanda kwa sababu ya kura ambayo watu wa huko hawakuipiga. Januari mosi kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu ndani. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na kikabila, likaomba radhi. Wakati nchi ilipohitaji msuluhishi wa ndani, makanisa mengi yalikuwa yameshapoteza sauti. Msuluhishi ikabidi atoke nje, Kofi Annan.

Kwa hiyo kusema kwamba fedha za waumini ni safi kuliko nyingine ni nusu ya ukweli. Usharika wa kabila moja unaweza kuchangia kwa moyo mmoja, na mchango huo ukawa wa upande mmoja. Kinachofanya fedha ya waumini iwe ya amani ni kutoka pande mbili za mstari. Nguvu ya ARLPI ilikuwa Mkatoliki, Mwanglikana na Mwislamu kukaa meza moja. Nguvu ya Wunlit ilikuwa Mnuer kulala kwenye nyumba iliyojengwa na Mdinka. Na nguvu ya ujumbe uliokwenda Goma mwaka 2025 ilikuwa Wakatoliki na Waprotestanti kusafiri pamoja, wakiwa na waumini Kinshasa na Goma vilevile.

Mfuko wa nne ndio unaoua sauti hiyo kwa haraka zaidi. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto na milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya mapadri katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na kuahidi nyingine. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza zirudishwe. Wengine walimwona mtu wa ajabu. Kwaya inahitaji sare na mapadri wanahitaji pa kulala. Lakini maaskofu walikuwa wametoka tu kuikosoa serikali kwa kodi, utekaji na ahadi zisizotimizwa. Padri anayelala kwenye nyumba iliyojengwa na mwanasiasa atawezaje kesho kusimama kati ya mwanasiasa huyo na vijana wa mtaani? Waliokumbuka mwaka 2008 hawakushangaa. Walichojiuliza ni kwa nini ilichukua miaka 16.

Hasara ni yetu, mchango ni wa nani?

Sasa turudi sokoni. Katika jamii zetu hakuna kundi linaloijua bei ya vita kama wafanyabiashara wa mpakani. Mkulima anaweza kukimbia na jembe lake. Mwalimu anaweza kuhamishwa. Wewe mtaji wako uko kwenye lori lililozuiliwa, kwenye deni la mteja aliyekimbia, kwenye nyanya zinazooza kwenye foleni. Unalipa zaidi kwa usafiri, unalipa vizuizi vya barabarani vya watu wenye bunduki, na wakati mwingine unalipa kwa damu. Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste Kasindi, mji wa Kongo unaopakana na Mpondwe ya Uganda, na kuua zaidi ya watu 10. Kasindi ni mji wa mpaka na wa biashara. Kanisani na sokoni ni watu wale wale.

Zaidi ya hapo, mfanyabiashara wa mpakani ana kitu ambacho usharika wa kijiji hauna: ana wateja pande zote mbili. Anaongea lugha mbili au tatu. Anamwamini mtu wa kabila jingine kwa mzigo wa milioni bila kuandikishana. Fedha yake ikiingia kwenye kazi ya amani inaingia tayari imevuka mpaka. Hiyo ndiyo dawa ya ule ugonjwa wa 2008.

Hata hivyo michango yetu kanisani huenda kwingine. Tunachangia mabati, vigae, spika na gari la mchungaji. Si vibaya. Lakini parokia ngapi za miji ya mpakani, Busia, Namanga, Rusumo, Mutukula au Kabanga, zina mstari mmoja wa bajeti unaoitwa upatanisho? Mahali pengi Tume ya Haki na Amani ni kamati ya watu watano na daftari, inayosubiri semina kutoka kwa mfadhili ambaye sasa hapatikani.

Kuna mambo matatu yanayowezekana bila kusubiri mtu. La kwanza ni kuuliza. Siku ya mkutano wa mwaka, taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, simama uulize: kazi ya amani imetengewa kiasi gani? Mweka hazina akisema hakuna, swali lako limeshafanya kazi.

La pili ni kutoa kwa namna unayoiweza. Amani ya ngazi ya chini haihitaji hundi kubwa. Inahitaji nafasi mbili ndani ya lori linalokwenda huko huko, gunia la mchele la kikao, muda wa maongezi wa simu, chumba cha kulala wageni kutoka upande wa pili. Vitu hivyo vina faida moja kubwa: ni vigumu kuiba kuliko fedha, na ni vigumu kugeuzwa risasi. Panapotolewa fedha, iwe na stakabadhi na isomwe hadharani. Katika maeneo yenye vita, mchango usio na karatasi huweza kukuweka matatani na serikali mbili kwa mpigo.

La tatu ni kuunganisha. Usharika wa Gisenyi na wa Goma, wa Elegu na wa Nimule, pamoja na msikiti wa jirani na chama cha wafanyabiashara, wanaweza kuwa na mfuko mmoja mdogo wenye watia saini wa pande zote mbili. Mfuko huo hautamaliza vita ya M23. Lakini unaweza kulipia matembezi ya wazee siku ile vijana wawili wa jamii tofauti watakapouana sokoni, kabla habari haijawa ya makabila. Vita vingi vya ukanda huu vilianza kwa gharama ndogo kama hiyo ambayo hakuna aliyejitokeza kuilipa.

Fedha kubwa itaendelea kuhitajika kwa ndege, kwa wataalamu na kwa mikutano ya wakubwa. Baada ya Goma kuanguka, mazungumzo makubwa yalihamia Washington na Doha, na nchi hizo zinajua kwa nini zinalipa: madini, ushawishi na jina. Makubaliano yao yakitiwa saini, bado mtu lazima aende kijijini kumweleza mama aliyefiwa kwa nini aishi tena na jirani yake. Kazi hiyo haina mwekezaji kutoka nje. Ina katekista, mchungaji na imamu, na wanaowabeba.

Kila Jumapili katika makanisa yetu, baada ya ibada, kuna matangazo. Sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa kiasi fulani. Zaka, kiasi fulani. Ujenzi, kiasi fulani, na tunaombwa tuongeze. Jumapili hii sikiliza kama neno amani litasomwa likiwa na tarakimu mbele yake. Kama halitasomwa, basi barabara unayoitegemea Jumatatu asubuhi inalindwa kwa fedha za mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuamua wakati wowote kwamba amechoka.